Kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya grafiki: je, video itaacha kukwama?

Swali la msomaji: "Nina laptopu ya mwaka 2014 hivi, grafiki yake ni ile ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, skrini ni 1366×768, natumia Linux. Video za 1080p zinakwamakwama na feni inavuma. Nimesoma kwamba zamani MPlayer iliweza kuandika picha moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kadi kwa `-vo dga`, ikiendeshwa kama root, bila kupitia X. Nimejaribu, imekataa. Njia hiyo bado ipo? Na nikiipata, video itatulia?"

Ndugu yangu, njia ile imeshazikwa, na hata ukiifukua haitakufaa. Lakini kile ulichokuwa unakifuata, yaani picha isibebwebebwe kutoka kumbukumbu hii hadi ile, kimo humo humo kwenye laptopu yako. Nadhani hakijawashwa tu. Kabla sijakupa amri za kuandika, nivumilie kidogo nikuonyeshe fremu moja (yaani picha moja ya video) inapita wapi, maana ukishaiona njia yake hutakuwa mtu wa kubahatisha tena.

Tuanze na hesabu. Fremu ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Ndani ya faili la video rangi hazikai kama nyekundu, kijani na bluu. Kila pikseli hupewa baiti moja ya mwanga, halafu pikseli nne zinagawana baiti mbili za rangi, kwa kuwa jicho la binadamu ni kali kwa mwanga na zembe kwa rangi. Wastani ni baiti 1.5 kwa pikseli, sawa na baiti 3,110,400 kwa fremu. Ukiigeuza iwe RGB ya baiti nne, fremu ileile inanenepa hadi baiti 8,294,400. Kwa fremu 30 kila sekunde hiyo ni kama megabaiti 249 kwa sekunde, tena hapo umeinakili mara moja tu. Ikinakiliwa mara tatu njiani, zidisha mwenyewe. Sasa geukia faili lenyewe: video ya megabiti 8 kwa sekunde inasomwa kutoka kwenye diski kwa megabaiti moja tu kwa sekunde. Basi lengo ni prosesa iishie kwenye ile megabaiti moja, na zile 249 isiziguse kabisa.

DGA, ile ya `-vo dga`, haikuwa ikifanya hivyo. Enzi za XFree86 (toleo la zamani la X, seva inayosimamia skrini na madirisha), programu ya video ilichora fremu kwenye kumbukumbu yake, ikaikabidhi kwa seva ya X, na X ikainakili kwenye kadi. DGA ilikuwa mlango wa nyuma: X inakaa pembeni, programu inapewa anwani ya kumbukumbu ya kadi yenyewe na kuandika humo. Mlango huo ulidai root, yaani mtumiaji mwenye ruhusa zote, kwa sababu ulipitia `/dev/mem`, faili linalofungua kumbukumbu yote ya mashine, siyo ya kadi peke yake. Nami nilipita humo ujanani. Siku moja programu niliyokuwa nikiitumia ilianguka katikati ya filamu, skrini ikaganda kwenye uso wa mtu aliyefumba jicho moja, na kibodi ikawa haijibu chochote. Aliyekuwa ameshika skrini alikuwa amekufa bila kuirudisha kwa mwenyewe. Nikabonyeza kitufe cha umeme, nikasubiri diski ikaguliwe upya.

Jambo ambalo maelekezo ya zamani hayasemi waziwazi ni kwamba hata katika enzi zake, DGA ilikuwa ikipigwa na Xv, kiongezo cha X cha kuonyeshea video. Sababu ni zile hesabu za juu. DGA ilikupa kumbukumbu ya skrini jinsi ilivyo, kwa hiyo kugeuza rangi na kukuza picha ijae skrini kulibaki kuwa mzigo wa prosesa. Xv iliipokea fremu ikiwa bado kwenye rangi zake za asili, na saketi ndani ya kadi ikageuza rangi na kukuza picha bure. Chukua DVD ya 720×576 kwa fremu 25: kwa RGB ni megabaiti 41 na ushei kila sekunde, kwa Xv ni 15 na ushei. Basi ya PCI ya wakati huo, yaani njia ya data kati ya kadi na mashine, ilikuwa na kikomo cha megabaiti 133 kwa sekunde, nacho kiligawanywa na diski na mtandao. Aliyeandika moja kwa moja alipeleka mzigo mkubwa zaidi ya yule aliyepitia X. Kwako ingekuwa vilevile: skrini ya 1366×768 na video ya 1080p maana yake kila fremu lazima ipunguzwe, na kwa DGA ingepunguzwa na prosesa ileile inayolia.

Halafu kuna hili: laptopu yako haina kumbukumbu ya kadi. Grafiki ya Intel ya aina hiyo hutumia RAM ileile ya mashine, iliyotengwa kwa ajili yake. Hakuna basi ya kuruka, hakuna ng'ambo ya kufika. Ukiandika "moja kwa moja kwenye kadi" unaandika kwenye vipande vilevile vya RAM, ila kwa masharti magumu zaidi.

Masharti yenyewe nitayaeleza kidogo, kwa sababu ndiyo huwaangusha wanaodhani ukaribu ndiyo kasi. Kumbukumbu iliyotengwa kwa ajili ya GPU (prosesa ya grafiki) mara nyingi huwekwa nje ya kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi ya prosesa. Kuiandikia kwa mfululizo si vibaya, kwa kuwa prosesa hukusanya maandishi na kuyasukuma kwa mkupuo. Kuisoma ndiyo balaa: kila usomaji unakwenda na kurudi bila kuacha kitu kwenye kashe. Na kodeki za video, yaani mifumo ya kubana na kufungua video, zinasoma sana. Fremu nyingi ndani ya kodeki ya H.264 hazina picha kamili. Zina maelekezo ya namna ya kuchukua vipande vya fremu zilizopita, kuvisogeza na kuvirekebisha. Kisimbuzi (namaanisha programu ya kusimbua, yaani kufungua video iliyobanwa, siyo lile boksi la televisheni) kikiwa kimeweka fremu zake huko, kila kipande kinachokopwa ni safari ya polepole. MPlayer ilikuwa na chaguo la `-dr` la kusimbulia moja kwa moja kwenye bafa (eneo la kumbukumbu linaloshika fremu) ya kutolea picha, na mwongozo wake ulionya kwamba manukuu yanaweza kuharibika. Uharibifu wenyewe ukiuona unacheka: maandishi ya manukuu yamechorwa juu ya fremu ambayo bado itakopwa, basi fremu inayofuata inakopa shavu la mwigizaji pamoja na herufi zilizokuwa juu yake, na mtu akigeuza kichwa herufi zinaondoka naye.

Kama hamu ya kugusa kumbukumbu ya skrini bado ipo, iridhishe kwa usalama. Bonyeza Ctrl+Alt+F3 uende kwenye konsoli ya maandishi, ingia, kisha andika `cat /sys/class/graphics/fb0/stride`. Skrini yako ina pikseli 1366 kwa mstari, mara baiti nne ni 5464. Usishangae ukiona 5504. Maunzi, yaani vifaa vyenyewe vya mashine, yanataka kila mstari uanzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 64, hivyo kila mstari unaishia na baiti 40 zisizoonekana, sawa na pikseli kumi. Ukimwaga picha kwenye `/dev/fb0` bila kuruka hizo baiti 40, kila mstari unateleza pikseli kumi kutoka ule wa juu yake na picha inalala upande kama mnazi uliopigwa na upepo. Na hiyo ndiyo hali nyepesi. Bafa zinazotumiwa na kisimbuzi cha maunzi hata hazipangwi mstari kwa mstari. Hupangwa kwa vigae vidogovidogo ili majirani wa juu na chini wakae karibu kwenye kumbukumbu. Ukipewa anwani ghafi ya bafa ya namna hiyo ukaisoma kama picha ya kawaida, utaona mchanganyiko wa vipande. Tena siku hizi `fb0` yenyewe mara nyingi ni kivuli: unaandika kwenye nakala, kisha kerneli, kiini cha Linux, ndiyo inaipeleka kwenye skrini. Hata mlango wa nyuma sasa una bawabu.

Bawabu huyo ni kerneli, na kuja kwake ndiko kulikoifukuza DGA. Mwaka 2009, Linux 2.6.29 ilianza kupanga modi za skrini za Intel ndani ya kerneli badala ya kumwachia X. Kumbukumbu ya grafiki ikawa mali ya kerneli, inagawiwa kwa bafa, na kila bafa ina mwenyewe. Programu ikianguka, kerneli inakusanya bafa zake na skrini inarudi. Yule mtu wangu mwenye jicho moja asingeganda.

Lakini bafa yenye mwenyewe mmoja inaleta tatizo jipya, kwa sababu video ina wenyewe watatu: saketi ya kusimbua, saketi ya kuchora, na saketi ya kuonyesha. Wa kwanza akimaliza fremu, wa pili ataipataje bila kunakiliwa? Jibu liliingia kwenye Linux 3.3 mwaka 2012, linaitwa dma-buf. Bafa inapewa namba, kama namba ya faili lililofunguliwa, na namba hiyo ndiyo inayopitishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Ni sawa na stakabadhi ya ghala. Magunia yanabaki palepale, mmiliki anabadilika kwa kukabidhiana karatasi. Pamoja na stakabadhi huandikwa pia rangi zimepangwaje, mstari una baiti ngapi, na vigae ni vya aina gani, kwa hiyo anayepokea hakisii. Na hakuna prosesa inayoona hata pikseli moja.

Huo ndio ufikiaji wa moja kwa moja wa siku hizi. Programu yako haipewi anwani ya kumbukumbu. Inapewa haki ya kusema "fremu ile, ipeleke pale". Ukiniuliza mimi, ni bora mara kumi.

Sasa tuingie kazini. Kwanza andika `vainfo`. Hii inauliza VA-API, ambayo ndiyo lango la visimbuzi vya maunzi kwa Intel na AMD. Tafuta mstari wenye `VAProfileH264High` na mbele yake `VAEntrypointVLD`. VLD ndiyo kusimbua. Mistari yenye `EncSlice` ni ya kusimba, isikudanganye. Amri ikilalamika kwamba haioni draiva, kwa umri wa mashine yako draiva inayotakiwa ni `i965`, kwa sababu ile mpya inayoitwa `iHD` inaanzia kizazi cha prosesa za Intel kiitwacho Broadwell. Zikiwa zimewekwa zote mbili na mfumo unachagua isiyo yako, uamuru: `LIBVA_DRIVER_NAME=i965 vainfo`. Ikifanya kazi kwa root na kukataa kwako, shida ni ruhusa. Angalia `ls -l /dev/dri`, uone `renderD128` iko kwenye kundi gani, ujiunge nalo, utoke na kuingia upya. Usiendeshe kicheza video kama root kwa ajili ya hili. Hiyo ni tabia ya enzi za DGA na imebaki kama kovu.

Pili, mpv, kicheza video. Watu wengi hawajui kwamba mpv haitumii kisimbuzi cha maunzi mpaka iambiwe. Andika:

`mpv --vo=gpu --hwdec=vaapi video.mkv`

Kwenye terminali itokee `Using hardware decoding (vaapi)`. Soma hadi mabano yanapofungwa. Ikiwa imeandika `vaapi-copy`, maana yake fremu inasimbuliwa na maunzi, kisha inarudishwa kwenye kumbukumbu ya kawaida, kisha inapandishwa tena kwenye GPU. Magunia yametolewa ghalani, yamezungushwa mtaani, yamerudishwa ghala lilelile. Inafanya kazi, na ukitaka vichujio vinavyoendeshwa na prosesa ndiyo njia yenyewe, lakini kwa mashine yako ni hasara. Mtego huohuo upo kwenye ffmpeg, programu ya kugeuza video: ukiweka `-hwaccel vaapi` bila `-hwaccel_output_format vaapi`, fremu zinashushwa kimyakimya, na watu wanaishia kusema maunzi yao ni ya polepole.

Video ikiwa inacheza, bonyeza herufi `i`. Kuna mstari wa fremu zilizoangushwa, umegawanywa mara mbili: zilizoangushwa na kisimbuzi na zilizoangushwa kwenye kutoa picha. Wa kwanza ukipanda, kusimbua ndiko kunakoshindwa. Wa pili ukipanda peke yake, kusimbua kuko sawa na tatizo liko kwenye kuchora au kwenye kidhibiti cha madirisha. Kwenye dirisha jingine endesha `sudo intel_gpu_top` (hapa root inafaa, ni kipimo tu) na utazame mstari wa `Video`. Ukisoma sifuri huku filamu inakwenda, saketi ya kusimbua imelala na prosesa ndiyo inayotoka jasho. Bonyeza Ctrl+h kwenye mpv, inayowasha na kuzima kisimbuzi cha maunzi papo hapo, uone namba zikiruka na usikie feni ikishuka. Hakuna maelezo yangu yatakayokushawishi kuliko sekunde hizo kumi.

Ukiwa kwenye Wayland, mrithi wa X, kuna hatua moja zaidi, `--vo=dmabuf-wayland`. Hapo mpv haichori kabisa. Inakabidhi stakabadhi kwa kidhibiti cha madirisha, nacho kikiweza kinaiweka fremu kwenye safu ya peke yake inayosomwa moja kwa moja na saketi ya kuonyesha, bila hata GPU kuchora. Unapoteza mapambo ya mpv, yaani ukuzaji wa hali ya juu na marekebisho ya rangi. Kwa betri ni faida.

Utakutana pia na `--vo=drm`, na jina lake litakuvutia kwa sababu linafanana na ulichokuwa unakitafuta: hakuna X, hakuna Wayland, konsoli tupu. Hiyo haitumii maunzi kabisa. Prosesa inasimbua, inageuza rangi, inapunguza picha na kuiandika kwenye bafa. Ni DGA iliyovaa nguo safi. Ukitaka video bila mazingira ya madirisha, andika `--vo=gpu --gpu-context=drm --hwdec=vaapi`.

Nimeacha mwisho jambo ambalo huenda ndilo lililokukwamisha tangu mwanzo: kodeki. Saketi ya kusimbua hujua kodeki za siku ilipochongwa tu. Intel ya 2014 inajua H.264 vizuri. Kodeki nyingine zilikuja na vizazi vya baadaye vya prosesa za Intel: HEVC ilikuja na Skylake, VP9 kamili na Kaby Lake, AV1 na Tiger Lake mwaka 2020. Kama video zako unazishusha mtandaoni, nyingi ni VP9 au AV1, na hapo hata ukipanga kila kitu nilichoeleza, `vainfo` itanyamaza na prosesa itabeba zote. Kwa Firefox angalia `about:support`, sehemu ya midia, uone ni kodeki zipi zimeandikwa kuwa na usimbuaji wa maunzi. Kwa grafiki za Intel kwenye Linux umewashwa wenyewe tangu toleo la 115. Kwa yt-dlp, programu ya kushusha video, omba H.264 waziwazi: `-S vcodec:h264,res:1080`. Na ukikuta video haipatikani kwa H.264, chukua ya 720p. Skrini yako ina mistari 768. Hiyo 1080p ulikuwa unaisimbua ili uitupe karibu nusu.

Zikikwama bado, nitumie mstari wa `Using hardware decoding` na zile namba mbili za fremu zilizoangushwa. Hayo mawili yananitosha.